Wagonjwa Wote Walisema Muzuri

Ninyi mnaosomea uuguzi hapa Butembo, mkija kunitembelea mnakaa kwenye benchi langu na swali lenu ni lilelile: Mama Masika, sindano gani uliichoma vibaya? Dawa gani uliichanganya? Mnapenda vituko vya sindano. Ninavyo, na vingine nitazikwa navyo. Lakini kilichonifundisha kazi kuliko sindano zote kilikuwa salamu. Tulidanganyika kwa salamu, mimi na daktari wangu, kwenye simu, wakati wa Corona, na tulidanganyika tukiwa na furaha kubwa.

Najua mnacheka mkisikia mimi na simu. Mmeniona nikiishika mbali na macho, kidole kimoja kikitafuta herufi moja mpaka chai inapoa. Hata hivyo, bibi yenu huyu alifanya utafiti kwa WhatsApp wakati wengine wenu mlikuwa mnaazima simu za mama zenu ili kuangalia ngoma za Kinshasa. Chekeni, halafu sikilizeni.

Hatukuichagua WhatsApp kwa kupenda mambo mapya. Corona ilipofika kwetu, tulikuwa tumetoka tu kwenye Ebola. Kunawa mikono tulijua kuliko watu wa miji mikubwa, na ndoo zenye bomba zilikuwa bado zimesimama mbele ya maduka. Lakini Ebola ilituachia pia ubaya mmoja. Gari la afya likisimama mbele ya nyumba yako leo, kesho hakuna anayenunua nyanya zako, na watoto wa jirani wanaitwa ndani. Kwa hiyo mgonjwa wa Corona akipata nafuu na kutoka hospitalini, alituomba jambo moja tu: msinifuate na gari. Na hata tungetaka kumfuata, barabara ya kwenda Beni mnaijua. Kulikuwa na wiki ambazo hakuna aliyepita, kwa kuogopa wenye silaha. Kwenda mpaka Mbau, mbele ya Beni, ndiyo usiseme.

Daktari wangu alikuwa Daktari Kakule, kijana mrefu wa Lubero, mwepesi wa miguu na wa kucheka. Alikuwa na swali moja lililomnyima raha. Mgonjwa anatoka kwetu akitembea, anapunga mkono, anapanda pikipiki nyuma ya dereva, halafu? Baada ya mwezi yuko namna gani? Amerudi shambani? Anapumua vizuri? Hakuna aliyejua. Kwetu sisi, mtu akishavuka lile geti hadithi yake ilikuwa imekwisha.

Siku moja akaniambia, "Mama Masika, batu yote banakuwaka kwenye WhatsApp. Mais sisi pekee ndio tunawatafuta mu barabara."

Kama watu wote wako WhatsApp, basi nasi tuwafuate humo: hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila aliyekuwa anatoka nilikaa naye kitandani mwake, nikamweleza kwa Kiswahili, na nikiona macho yanazunguka nikamweleza tena kwa Kinande: tutakuandikia kila Jumatatu, tutakuuliza hali yako, majibu yako yatasomwa na watu wawili tu, na siku ukichoka sema basi. Vijana, hatua hii msiikimbilie. Wengine walikataa na tuliwashukuru vilevile. Bibi mmoja alikataa kwa sababu simu pekee ya nyumbani ilikuwa ya mkwe wake, na akaniuliza kama mimi ningependa mume wa binti yangu asome habari za kifua changu. Nilimwambia nisingependa.

Halafu tukafanya upumbavu wetu wa kwanza, ambao hauhitaji maelezo marefu. Tuliwatia wote katika kundi moja. Siku tatu zilitosha. Mtu wa Alimbongo aliuza lori zima la kabichi kwa watu waliokuwa bado wanakohoa. Mchungaji mmoja alituma mahubiri marefu kuliko yale ya Pasaka. Wengine wakabishana kama mvuke wa majani ya mkaratusi unatosha au lazima kuweka na tangawizi. Na majirani wawili wa mtaa mmoja, ambao kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake kwamba aliugua, wakakutana humo ndani uso kwa uso. Tulijiandaa kuwaomba radhi. Kumbe wao walifurahi, wakaanza kupelekeana uji. Tulikuwa na bahati tu, na ninyi msiitegemee bahati yetu. Siri ya mgonjwa si yako kuigawa, hata kwa mgonjwa mwenzake.

Tulilifunga kundi. Kabla ya jioni wagonjwa wenyewe walikuwa wamefungua lingine, wakaliita "Tuliopona", nasi wakatualika kama wageni. Basi ikawa hivyo: kundi ni lao, la soko na maombi na vichekesho, na maswali yetu ya Jumatatu tulimpelekea kila mtu peke yake.

Nyota wa kundi hilo alikuwa Mama Kahindo wa Mulekera, kule Beni. Katika simu yangu nilikuwa na akina Kahindo wengi, kama mnavyojua kwetu: Kahindo wa viazi, Kahindo wa kanisa, Kahindo mke wa fundi. Huyu nilimwandika "Kahindo Furaha". Alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama katika kanisa lao la Kiprotestanti, na sauti yake niliijua. Alipokuwa amelala kwetu Butembo, siku aliyopata nafuu aliimba kidogo akiwa amekaa kitandani, na wagonjwa wa chumba kizima wakanyamaza. Akarudi Beni. Tangu hapo, kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuandika kwenye kundi. Mwenye huzuni alimtumia maua, mwenye kukata tamaa alimtumia mikono ya maombi, na wote aliwaahidi nyama na soda, maana binti yake Kavira alikuwa anakaribia kuolewa.

Sasa nije kwenye salamu. Swali letu la Jumatatu tulilitunga pamoja, mimi na daktari, na tulijiona tuna akili sana. Tuliogopa maneno ya kitabu. Tukasema tuulize kama watu: "Habari yako? Unajisikia aje leo?"

Majibu yakaja. Muzuri. Muzuri sana. Muzuri tu, shukuru Mungu. Niko muzuri, wasingya, yaani asante kwa Kinande. Jumatatu baada ya Jumatatu, kutoka Butembo, kutoka Beni, kutoka Alimbongo kwenye baridi, muzuri, muzuri, muzuri. Daktari Kakule alikuwa akisoma majibu akitembea huku na huku kwenye kibaraza, na mimi nikimfuata kwa macho na moyo umenijaa. Baada ya yote tuliyoyaona wodini, watu wetu walikuwa wamepona. Alinunua mikate na chai kwa wauguzi wote. Akaanza kuandika barua kwa wakubwa wa afya kwamba wagonjwa wakishatoka wanaendelea vizuri, hawahitaji kufuatwa tena, na nguvu zetu zipelekwe kwingine. Mwisho wa mwezi tungefunga kazi ya Jumatatu.

Nilikubali. Tena mimi ndiye niliyemkumbusha aandike jina la Mama Kahindo kama mfano wa mgonjwa aliyepona kwa furaha, akasema majina hayaandikwi, na tukacheka.

Aliyetuvurugia karamu alikuwa Papa Paluku, seremala. Alikuwa anakaa juu ya kilima nyuma ya kanisa letu, na kila Jumatatu alikuwa ametujibu muzuri. Siku moja nilikuwa nashuka kilima kutoka kumwona shangazi yangu. Nikamkuta amekaa kwenye jiwe kando ya njia, ubao mmoja mwembamba umelala miguuni pake. Tukasalimiana kwa urefu wote unaotakiwa. Nikashuka sokoni, nikanunua sombe, majani ya muhogo, nikabishana na mwenye samaki, nikapanda tena. Papa Paluku alikuwa amesogea mpaka jiwe linalofuata.

Nikamuuliza mbona ametujibu kwamba yuko muzuri. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Mama Masika, weye uliniandikia 'habari yako'. Sasa mutu akikusalimia, unamumwangia magonjwa yako mu mukono?"

Nilitua sombe langu chini. Jamani. Mimi Munande wa kuzaliwa, mtoto wa mama ambaye alijibu "muzuri" asubuhi ya siku aliyokufa, nilikuwa nimeuliza salamu na kuandika kwamba ni afya. Na daktari wangu wa Lubero vilevile. Mgeni kutoka mbali angeweza kusamehewa, au pengine asingedanganyika kabisa, maana angeuliza kwa ukali wa kigeni na kujibiwa ukweli. Sisi tulidanganywa na adabu yetu wenyewe.

Nilipomweleza Daktari Kakule alikaa chini kwanza. Halafu akaanza kucheka mpaka miwani ikapata ukungu. Akasema mama yake mzazi akiwa na homa kali anakupokea mlangoni, anakuuliza habari za mashamba na za watoto mmoja mmoja, na ukishaaga, tayari uko njiani, ndipo anakuambia kutoka nyuma kwamba kichwa kinampasuka. Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni, na kicheko kikamwisha. Kati ya wale waliotuandikia muzuri, ni nani alikuwa amekaa kwenye jiwe? Na tungefunga kazi mwisho wa mwezi.

Hapo nilimkumbuka marehemu Papa Kasereka, muuguzi mkuu aliyenifundisha kazi nilipokuwa msichana, katika kituo kidogo cha Alimbongo, kule ambako hata mbuzi wanatafuta jua. Alikuwa na kiti kimoja kizito cha mbao, na hakikukaa alipokuwa yeye. Kilikaa mwisho wa uwanja. Mgonjwa akiingia, Papa Kasereka alimwambia, "Nisaidie kile kiti," na akamtazama akienda na kurudi. Nilidhani mzee ni mvivu. Mpaka siku moja aliniambia: "Hapana uliza mutu kama ana nguvu. Mutume akuletee kiti."

Nilimsimulia daktari. Yeye ndiye aliyepata njia ya kukipeleka kiti cha Papa Kasereka ndani ya simu. Alisema kila mtu wa Butembo ana kilima chake, basi tuache kuuliza habari, tuulize kilima. Tukaandika: "Kilima cha kwenda kwako, leo umekipanda kwa kusimama mara ngapi?" Mambo yalibadilika wiki ileile. Watu waliokuwa muzuri kwa wiki nyingi wakaanza kueleza kwa raha kabisa, maana kilima si kulalamika, kilima ni habari. Mmoja anasimama kwa mwenye duka la mkaa. Mwingine zamani alifika kwenye mti, sasa haufikii. Mzee mmoja akajisifu hakusimama hata mara moja, na nilipomchimba kidogo nikagundua alikuwa juu ya pikipiki.

Beni ikatushinda kidogo, kwa sababu Beni ni tambarare. Wa Beni walitujibu kwamba swali hili ni la watu wa Butembo waliojijengea nyumba kwenye paji la uso wa mlima. Basi wao tukawauliza kidumu cha maji: unakitoa kisimani mpaka nyumbani, unakiweka chini wapi? Kila mahali pana kiti chake. Mkienda kufanya kazi kwingine, kitafuteni.

Mama Kahindo alijibu swali la kidumu kwa vicheko vilivyochorwa: mwenye binti wa kuolewa anabeba kidumu cha nini? Nilicheka naye. Jumatatu iliyofuata akajibu hivyohivyo.

Daktari akaongeza jambo lingine. Maandishi, alisema, yanaweza kuandikwa na mtu yeyote aliye karibu na simu, na hayapumui. Tuombe sauti. Mgonjwa abonyeze ile picha ya kinasa sauti, aseme anachotaka, na sisi tusikilize pale anapokata maneno ili kuvuta hewa. Mzima anasalimia nyumba nzima, anataja mvua na bei ya maharage, ndipo anapumua. Mgonjwa anapumua kati ya jina lako na jina la baba yako. Tulijifunza kusikiliza hivyo, mimi na yeye, macho tumefumba, na hakuna kati yetu aliyekuwa mwalimu.

Na mjifunze pia kwamba mara nyingine simu yenyewe haisemi kitu. Ukiona alama moja badala ya mbili, usilie, chaji imekwisha au hana unité, pesa ya simu. Mtu mmoja wa Mbau aliweka picha ya mshumaa kwenye jina lake na tukamwombea roho yake mchana kutwa, kumbe ni mjomba wake aliyefariki, na yeye alikuwa kwenye matanga anakula vizuri.

Sauti zikaja, za kila aina, na kuku nyuma yake. Sauti moja tu haikuja. Mwimbaji wetu, mwenye sauti iliyonyamazisha wodi, alikuwa akituma herufi na maua. Nilimpigia, hakupokea. Nilimwandikia aniimbie kidogo, akajibu kwamba anaitunza kwa harusi: "Voice yangu ni ya mariage, mama. Ngoja utaisikia." Nilirudi nyuma kwenye mazungumzo yetu yote tangu alipotoka hospitalini, nikiyapandisha kwa kidole. Maua, mikono, vicheko. Hakuna hata sauti moja. Yule niliyetaka awe mfano wa waliopona, sikuwa na ushahidi hata kidogo kwamba anapumua.

Niliwaza siku nzima jinsi ya kumfanya kiongozi wa kwaya afungue mdomo. Mnawajua viongozi wa kwaya. Mwambie nyumba inaungua, atamaliza kwanza ubeti. Lakini imba vibaya mbele yake, na hata kama yuko katikati ya chakula atakurekebisha.

Basi nikaimba vibaya. Katika familia yao, bibi arusi akitoka nyumbani kwa baba yake, mama ndiye anayeongoza wimbo wa kumtoa, na wimbo huo una mstari mmoja mrefu unaopanda, unaokaa juu, halafu unashuka taratibu. Mimi sauti yangu mnaijua. Nilijifungia jikoni, nikauimba mstari ule, nikaukata katikati, nikaupotosha mwisho, nikamtumia. Nikaandika: "Nimewafundisha wauguzi wangu huu, watauimba siku ya mariage ya Kavira."

Alama mbili. Zikawa za bluu. Muda kidogo, halafu nikaona maneno kwamba Kahindo Furaha ananasa sauti.

Ilifika fupi. Alianza na kicheko, na kicheko kikakatika. Akasema, "Hapana... hivyo, mama," akaanza mstari. Aliupanda neno moja, akavuta hewa. Neno la pili, akavuta hewa. Pale juu hakufika. Kikaja kikohozi, na sauti ya mtu anayeweka simu mezani. Nilipoitoa simu sikioni nikaona ameifuta. Alichelewa. Nilikuwa nimeshasikia, na nililia hapo hapo jikoni, sioni aibu kuwaambia.

Barabara ilikuwa imefungwa wiki hiyo. Beni tulikuwa na mwenzetu, muuguzi Katembo, mtu mnene wa tabia ya upole. Daktari alimwomba aende Mulekera, lakini si kwa gari, na si kwa koti jeupe. Katembo akavaa shati la kwenda harusini, akanunua kabichi kubwa la Alimbongo sokoni, akalipakata juu ya pikipiki, na ndani ya mfuko wa shati akaficha kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kupima hewa iliyomo katika damu. Mpango ulikuwa mzuri kupita kiasi. Majirani walimwona mtu mwenye shati na kabichi anaingia kwa Mama Kahindo, wakajua ni mjumbe wa upande wa bwana arusi, wakaja na vigelegele. Ikabidi akae, akajibu maswali kuhusu ukoo ambao hakuujua, akala kuku. Alituambia baadaye kwamba alikuwa amemkubalia bibi mmoja mbuzi wawili bila kukusudia.

Walipobaki wawili, alitoa kifaa. Mama Kahindo alikitazama, akanyoosha kidole bila ubishi. Hewa ilikuwa chini, chini sana kwa mtu anayeandika maua kila asubuhi. Katembo akamuuliza kwa nini amejificha hata kwetu.

"Wakati ya Ebola gari moja tu ilisimama hapa," alisema, "na batu wakapita mbali na mulango yangu mwaka muzima. Sasa mutoto yangu anaolewa. Niwape tena sababu?"

Katembo hakumhubiria. Alimwambia watu wa mtaa wanajua tayari kwamba yeye ni mjumbe wa harusi, basi wamwache abaki hivyo. Kesho yake Mama Kahindo alitoka na kitambaa chini ya kwapa, mtu yeyote angesema anakwenda kwa fundi wa kushona, na pikipiki ikamfikisha kituo cha afya. Alilala huko, akapewa hewa ya mashine na dawa, na Daktari Kakule akiwa Butembo alishikilia simu na Katembo kila siku. Mapafu yalikuwa hayajapona, na moyo ulikuwa umeanza kuchoka kwa kuyasaidia. Daktari aliniambia kwamba kama tungefunga kazi mwisho wa ule mwezi, angekufa akituandikia muzuri.

Binti yake Kavira ndiye aliyelipatia jambo hili mwisho wake. Alipojua, hakulia wala kugombana. Alikwenda kwa wakwe zake, akawaeleza ukweli wote mwenyewe, akawaambia, "Mi hapana toka mu nyumba ya baba bila sauti ya mama. Tutangoja." Na wakwe wakangoja. Yale maneno ya mtaa ambayo Mama Kahindo aliyaogopa, sijui yalikwenda wapi. Majirani walianza kumletea uji, na mmoja akauliza kama yule bwana wa kabichi atarudi.

Basi kazi yetu ikawa wimbo. Asubuhi anapuliza hewa kwa mrija ndani ya chupa ya maji, polepole, mapovu yahesabike. Mchana anatembea mpaka kwa jirani, kesho kupita jirani. Na kila Jumatatu, badala ya kuniambia habari yake, alinitumia ule mstari mpaka pale pumzi ilipomfikisha. Mara ya kwanza maneno mawili. Halafu matatu. Kuna wiki alirudi nyuma, na wiki hiyo nilikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa kuku wangu.

Mwishowe aliamua mwenyewe kuwaambia "Tuliopona". Aliandika kwamba alikuwa anawadanganya kwa maua. Nilidhani kundi litanyamaza. Papa Paluku akawa wa kwanza kujibu, kwa sauti, kutoka kwenye jiwe lake: alijaribu ule mstari wa harusi, akapumua katikati, akautukana, akaendelea. Kesho yake mtu wa kabichi akatuma wake. Kabla ya wiki kuisha kundi zima lilikuwa linatumiana ule mstari, wanaume kwa wanawake, umekatika kila mahali, na Mama Kahindo anawasahihisha mmoja mmoja kwa pumzi aliyokuwa nayo. Daktari Kakule hakuwahi kuomba hilo. Aliniambia hakuna swali tulilowahi kulitunga lililotupa majibu kama yale. Aliandika barua nyingine kwa wakubwa, ndefu, akisema wanaotoka hospitalini wafuatwe, na njia ya kuwafuata ipo mikononi mwao.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Mimi sikwenda, barabara ilikataa tena, na mtandao ukakataa pamoja nayo. Jumapili baada ya ibada Daktari Kakule alipita kwangu, na tulikuwa tumekaa hapa hapa kwenye benchi hili tukimenya viazi, simu iko kwenye dirisha mahali pekee inapopata mtandao. Ikalia. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, daktari akikisukuma kwa macho.

Kwanza vilikuja vigelegele na kelele za viti. Halafu mtu akawanyamazisha watu. Halafu Mama Kahindo akaanza. Mimi na daktari tulifumba macho kwa mazoea. Mstari ulipanda. Nilisubiri pumzi baada ya neno la kwanza, na haikuja. Nikaisubiri baada ya la pili. Ukafika juu, ukakaa, ukashuka taratibu, akamaliza, na alipumua pale wimbo wenyewe unapopumua. Kwaya ikampokea. Daktari Kakule alikuwa ameshika kiazi bila kukimenya, machozi yanamshuka hadi kwenye ndevu.

Nikachukua simu, nikaishika mbali na macho, nikamwandikia kwa kidole changu kimoja: "Habari yako, Mama Kahindo?"

Akajibu: "Muzuri."

Na Jumatatu, mimi niliyekuwa nimeapa nisiliamini tena neno hilo, nikaliandika kama hali yake ya afya.